Mdomo wa Samaki Juu ya Hohmad

11 Novemba

Rosina amenipa daftari hili asubuhi kwa siku yangu ya kuzaliwa. Ndani ya jalada ameandika: "Mama, gombana na hili, sisi utuache tunywe kahawa." Ana miaka kumi na sita na ulimi wa baba yake kabisa. Nilicheka, nikambusu. Kisha nikaenda zizini nikakuta Ambros hajatoa samadi kama alivyoahidi jana, basi daftari limepata kazi siku hiyo hiyo.

Theluji imeanza mchana. Imekuja mapema, ardhi bado ina joto, na kwenye kaburi la mama mkwe maua bado mabichi. Sipendi theluji inayoangukia ardhi yenye joto.

12 Novemba

Inaanguka.

13 Novemba

Inaanguka. Ambros anapiga mluzi ndani ya nyumba.

15 Novemba

Jua limetoka, na wanaume wazima wa bonde hili wamegeuka watoto. Ambros ameondoka alfajiri na wageni wanne kwenda kuteleza kwa skii, zile mbao ndefu za miguuni, nje ya njia, kule ambako theluji haijakanyagwa na mtu. Hiyo ndiyo kazi ya mume wangu: kuwapeleka watu mahali ambapo mwenye akili zake haendi, kisha kuwarudisha wakiwa wazima. Kuwarudisha anajua, simnyimi haki yake. Miaka ishirini na mbili hajampoteza hata mmoja.

Baba mkwe wangu, Babu Gebhard, alikaa dirishani kutwa na darubini yake akiwahesabia makosa. "Yule mwekundu anateleza kama amekaa chooni." Rosina akacheka mpaka ribeli aliyokuwa anakula ikampalia. Nilikuwa na ng'ombe kumi na moja wa kukamua na mikono miwili, na hakuna aliyeniangalia mimi kwa darubini.

Kutoka dirisha hilo unaiona Hohmad yote. Ni mteremko wetu wa majani, juu ya korongo, mkali kiasi kwamba hata mbuzi hufikiri kwanza. Kila Agosti, kwa miaka ishirini, mimi na mama mkwe Kreszenz tuliupanda na mafyekeo yetu ya mpini mrefu, tukajifunga kamba kiunoni, tukakata majani yake mpaka yakabaki visiki vifupi kama ndevu za siku mbili. Kabla yangu aliukata peke yake. Siku nane, mgongo umepinda, nzi machoni. Tulikuwa tukiyafunga majani yaliyokauka na kuyateremsha kwa waya mpaka zizini.

Kreszenz alifariki mwaka jana, wakati theluji inayeyuka. Kiangazi kile nikaomba mikono miwili tu ya kunisaidia. Ambros akasema, "Hilde, majani makavu siku hizi yanaletwa na lori mpaka mlangoni. Mlikuwa mnajichosha kwa mazoea tu." Nikamgeukia Babu. Babu akasema, "Kreszenz alipenda kule juu. Ilikuwa matembezi yake."

Matembezi! Nikaning'iniza fyekeo langu karibu na la marehemu, ukutani. Yapo hapo hapo mpaka leo. Viangazi viwili Hohmad haijakatwa.

24 Novemba

Mvua juu ya theluji. Kila kitu kinadondoka.

26 Novemba

Mdomo wa samaki umefunguka Hohmad. Nimeuona nikibeba ndoo. Theluji yote, kuanzia juu mpaka chini kabisa kwenye ardhi, inateleza polepole kama blanketi kitandani, na kule inakoning'inia inachanika. Ufa umepinda pembe zake kuelekea chini kama samaki aliyenuna. Upana wa kiganja, nakisia.

Nilimwambia Ambros wakati wa chakula.

"Mwaka huu midomo ya samaki iko kila mahali," akasema. "Hohmad haina."

"Ndiyo nakwambia leo inao."

"Basi utajifunga wenyewe. Hohmad haijawahi kushuka, Hilde. Muulize Baba."

Babu alikuwa anatafuna. Aliinua kijiko kama hakimu. "Haijawahi," akasema.

2 Desemba

Kiganja na nusu.

6 Desemba

Mtakatifu Nikolasi amepita na wenzake wa kutisha watoto, wenye kengele na ngozi za mbuzi. Rosina ni mkubwa sasa, lakini alijificha nyuma yangu vilevile. Baadaye alianza tena habari za Februari. Haongei jingine.

Niandike vizuri, maana ndiyo inayoninyima usingizi. Tangu enzi za baba yake Babu, mtoto wa nyumba hii aliyetimiza miaka kumi na saba hufungua Hohmad siku ya Mishumaa, tarehe mbili Februari. Hupanda na baba yake mpaka kileleni, kisha hushuka wa kwanza, peke yake, na kuuchora mstari wake kwenye theluji isiyo na alama. Jirani wote husimama ng'ambo ya korongo na chai ya mvinyo, wakitazama. Babu aliufungua. Ambros aliufungua. Rosina anatimiza kumi na saba tarehe tisa Januari, na atakuwa msichana wa kwanza. Tangu ana miaka mitano anaulizia siku hiyo. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia, "Itafika, mwanangu."

13 Desemba

Viganja viwili sasa. Leo nilimkabili Babu zizini, ambako hawezi kukimbilia darubini.

"Baba, mama alikuwa akiniambia kitu kila tulipokuwa tunakata majani Hohmad. Alikuwa akisema, tunaunyoa mlima ili theluji ipate pa kushika. Majani marefu yakilala, theluji haina pa kushika. Ni viangazi viwili sasa hayajakatwa."

Alinitazama kama nimemwambia ng'ombe amezaa kuku. Babu ni mjumbe wa kamati ya kijiji ya maporomoko ya theluji tangu ana miaka thelathini. Wanakaa wanaume watano, wananusa hewa, wanaamua barabara ifungwe au isifungwe. Wana kitabu.

"Kitabu chetu kina miaka tisini na moja," akasema. "Kila poromoko la bonde hili limo. Fungua ukurasa wa Hohmad. Hakuna. Hakuna. Hakuna. Miaka tisini na moja, hakuna."

"Na kitabu kimeandika nani alikuwa anakata majani?"

"Kiandike majani kwa nini? Ni kitabu cha theluji."

Nikashika mkia wa ng'ombe nisimshike yeye shingo. Kumwambia mzee huyu ni kumpigia mbuzi gitaa.

14 Desemba

Nina hasira bado.

24 Desemba

Kuku, mishumaa, nyimbo. Ambros amenipa glavu mpya, nzuri, zenye manyoya. Usiku tulikwenda misani sote wanne kwa miguu na theluji ililia chini ya viatu. Nilimshika Ambros mkono na nikampenda saa nzima.

27 Desemba

Wageni, wageni, wageni. Ambros anarudi ameungua pua, anakula, anasinzia mezani.

6 Januari

Tumefukiza nyumba na zizi kwa ubani kama kila mwaka. Babu alitangulia na chungu cha makaa, akiomba. Alipofika dirishani alifukiza hata kioo kinachotazama Hohmad. Nikasema moyoni, ubani hauna mizizi.

9 Januari

Kumi na saba. Babu amemnunulia skii mpya, nyepesi, za rangi ya chungwa. Mtoto alizilaza kitandani mwake kama mchumba.

Mdomo una hatua moja nzima. Ninaona weusi ndani yake. Nilipousonta kwa kidole, Rosina alisema, "Mama, leo hapana. Nakuomba. Leo tu."

Nikakata keki.

17 Januari

Baridi kali, nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri. Ambros amefurahi. "Unaona? Sasa umeganda. Baridi inafunga kila kitu."

Baridi inafunga juu, mpumbavu wewe. Chini kule ardhi haijaganda tangu Novemba, imefunikwa kama mgonjwa. Hayo nimeyaandika hapa. Mdomoni nilisema, "Kula supu, itapoa."

Mbona nilisema supu? Siku nyingine najichukia kuliko ninavyowachukia wao.

23 Januari

Leo nimezungumza na Ambros hasa, mlango umefungwa.

"Mtu mwingine akikuonyesha mteremko wenye mdomo wa hatua mbili, utampeleka mgeni?"

"Hapana."

"Na mwanao?"

"Ule si mteremko wowote, Hilde. Ule ni Hohmad. Nimeushuka mara mia. Tutapita kushoto kabisa, chini ya mdomo hatukai hata sekunde. Atavaa kifaa cha ishara cha kumtafutia aliyefukiwa, mimi nitavaa, sepetu tunazo. Unadhani sijui kazi yangu?"

"Kazi yako unaijua. Yangu ndiyo huijui."

"Yako ipi?"

Alikuwa anauliza kweli. Hapo ndipo nilipoumia. Hakuwa na dhihaka hata chembe usoni, alikuwa anataka kujua kazi gani ninayoisema.

28 Januari

Nimeficha viatu vya skii vya Rosina kwenye pipa la pumba. Amevipata kabla ya saa sita.

"Unanifanya mtoto mchanga mbele ya Babu!" Alikuwa analia kwa ghadhabu, amefanana na mimi mpaka nikaogopa. "Siku zote unakasirika tu! Unakasirika kwa samadi, unakasirika kwa viatu mlangoni, na hili nalo nijuaje kwamba ni tofauti?"

Amenipiga penye kidonda. Mtu akipiga kelele mwaka mzima, siku ya moto nani atatoka nje?

1 Februari

Sitapiga kelele tena. Mchana nilivaa viatu vya kutembelea thelujini, nikabeba sepetu, nikapanda kandokando ya msitu mpaka ukingo wa Hohmad, pale ambapo miti inashikilia. Nilijifunga kamba ya zamani kwenye msonobari, ile ile ya Agosti. Nikachimba. Meta moja na robo, theluji ngumu, kisha laini, kisha yenye maji, kisha sepetu ikagusa ardhi.

Majani yalikuwa marefu kama mkono wangu. Yamelala yote yakitazama bondeni, yamechanwa kama nywele za msichana wa komunyo ya kwanza, yamelowa, yanateleza kama yamepakwa sabuni. Niliweka kiganja juu yake na kikaondoka chenyewe. Yalikuwa bado na harufu ya kiangazi. Nikapiga magoti ndani ya shimo langu nikalia, na sikulia kwa huzuni.

Nimekata fungu moja kwa kisu. Liko chini ya kitanda, ndani ya gazeti.

2 Februari, saa nne usiku, hospitali

Nitaandika kwa utaratibu, jambo baada ya jambo.

Asubuhi nilipika ribeli kama siku zote, unga wa mahindi uliokaangwa kwa siagi, nikaweka sufuria katikati ya meza. Sisi hula humo humo, kila mtu na kijiko chake na upande wake. Walipoinua vijiko nikafungua gazeti, nikaliweka lile fungu la majani ndani ya sufuria, juu ya chakula.

"Mama!" Rosina akasema.

"Nimeyatoa Hohmad jana, chini ya theluji. Yote yamelala hivi, mpaka ulipo mdomo. Baba, shika."

Babu aliyashika. Ameishi na majani miaka sabini na minne, hakuhitaji kuelezwa. Aliyapitisha kati ya vidole viwili, yakateleza yakaanguka. Akayaokota tena.

"Kreszenz hakuniambia kamwe," akasema.

"Ulimuuliza lini?"

Ambros akasukuma kiti. "Watu wameshafika ng'ambo. Chai imeshachemka. Majani ni majani, Hilde, kila mlima una majani. Twende, Rosina."

Nilimtazama Babu. Na hili sitalisahau hata nikila chumvi nyingi kama yeye: alikuwa anajua. Macho yake yalikuwa yamejua. Neno moja kutoka kwake, moja tu, na Ambros angekaa chini kama mtoto wa shule, maana kwa baba yake hajawahi kubisha. Mimi nilikuwa nimesema maneno elfu tangu Novemba, na yeye alihitaji moja. Akayatazama majani, akanyamaza.

Nikamwita, "Rosina."

"Mama, kila mtu yuko kule," akasema. Hakunitazama. Akatoka na skii zake za rangi ya chungwa begani.

Nilimnyang'anya Babu darubini. Nikawaona wakipanda ukingoni, nukta mbili, saa nzima. Nikawaona kileleni. Walisimama sana. Nukta ndogo ikainama, ikalala chini, ikainuka. Mikono ikarushwa. Kisha nukta moja ikashuka, na sikujua ni ipi mpaka ilipokata kona ya kwanza, kwa sababu Ambros huinua bega la kulia, ameliinua tangu nilipomjua.

Alipita kushoto kabisa kama alivyosema. Kona tano, nzuri sana. Ng'ambo wakashangilia, nikawasikia. Kona ya sita, na mdomo ukafunguka, wote, kutoka msituni mpaka mwambani, na Hohmad ikavuliwa ngozi. Iliondoka kwanza bila sauti. Sauti ilifika baadaye, na ng'ombe zizini wakaanza kulia. Palipokuwa peupe pakawa pa kahawia.

Sikumbuki ngazi. Nakumbuka sepetu, na Babu nyuma yangu thelujini na ndala za ndani. Nilipofika korongoni Rosina alikuwa ameshafika. Hakushuka kwa skii, hapakuwa na theluji ya kutelezea, alishuka kwa makalio juu ya majani yaliyoachwa wazi, akateleza mteremko mzima, kifaa cha ishara mkononi, anafuata mlio wa baba yake. Alikuwa amepiga magoti kwenye matope na mabonge, anachoma ufito mrefu wa kutafutia chini, anachomoa, anachoma.

"Hapa!" akapiga kelele. "Hapa, nimemgusa! Mama, chimba upande wa chini, usisimame juu yake!"

Mwanangu akaniamrisha, nikatii. Jirani walifika na masepetu yao, wengine wamebeba bado vikombe. Tulichimba hatusemi. Dakika kumi na moja, Rosina ameniambia baadaye, aliitazama saa. Kwanza glavu, kisha bega, kisha uso, rangi ya jiwe. Rosina akatia vidole viwili mdomoni mwa baba yake akatoa theluji, na udongo, na majani.

Ambros akavuta pumzi kama mtu anayezaliwa. Kisha akasema, "Rosina yuko wapi?"

"Niko hapa, Baba. Nyamaza. Pumua."

Paja limevunjika mara mbili, na mbavu tatu. Helikopta ilikuja haraka. Ataishi.

Rosina ameniambia sasa hivi, kwenye benchi la korido. Kule kileleni aliingiza fimbo yake kwenye mdomo, ikazama mpaka mpini. Akalala kifudifudi, akapeleka mkono ndani, akavuta. Yalikuwa majani yale yale, yamechanwa vile vile.

"Nikamwambia, Baba, siendi. Akasema watu wanatazama. Nikasema, watazame. Akasema, basi nitafungua mimi, utaona, wewe utafuata nyuma. Mama, nilimshika begi. Alinitoa mkono."

"Ulifanya vizuri."

"Kama usingeyaweka kwenye sufuria ningeenda mimi," akasema. Kisha akalala, kichwa kwenye paja langu, matope hadi kwenye nyusi.

3 Februari

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. La mke hawakulitaja, na ndiyo maana wanaume wetu wanadhani haliwahusu.

Hasira yangu leo haina pa kukaa, inazunguka. Kwa hiyo niandike na hili, kwa kuwa hakuna atakayelisoma. Niliponing'iniza fyekeo langu nilijua. Kreszenz aliniambia waziwazi, mara ishirini. Ningeweza kuwaeleza kiangazi kile kile, kwa upole, kwa mchoro, kwa lolote. Nilinyamaza viangazi viwili, kwa sababu walisema matembezi na nilitaka waone. Wameona. Na nusura waonyeshwe kwa maisha ya mwanangu.

9 Februari

Babu amekuja zizini wakati wa kukamua. Kwa wiki nzima hajagusa darubini. Alisimama karibu na yale mafyekeo mawili ukutani.

"Ningesema neno siku ile," akasema.

"Ungesema."

"Nilikuwa nimeyashika yale majani mkononi, nikawa namuona Kreszenz. Miaka arobaini na mitatu alipanda pale. Nikasema moyoni, kama hili ni kweli, basi mimi katika kamati nilikuwa nafanya nini muda wote huo? Nikashindwa kufungua mdomo."

Nilitaka kumwonea huruma, ikaja kidogo, ikarudi ilikotoka. "Usinieleze mimi, Baba. Kaeleze kitabu."

"Nikiandike nini?"

"Unachokijua."

20 Februari

Ambros amerudi nyumbani na vyuma pajani. Anataka mto, anataka maji, anataka dirisha lifunguliwe. Kitanda chake nimekiweka jikoni, macho yake kwenye Hohmad.

27 Februari

Leo ameniuliza, "Kuikata Hohmad kulikuwa kunawachukua siku ngapi?"

"Nane."

"Sote tulikuwa wapi siku hizo?"

"Dirishani," nikasema.

5 Machi

Kamati imekaa shuleni, na mimi nilikwenda, sikualikwa. Babu alisimama akasema anataka ukurasa wa Hohmad. Mwenyekiti akamwambia, "Mzee Gebhard, andika tarehe na ukubwa, inatosha. Hatuwezi kuanza kuandika majani na nani alikata. Hiki ni kitabu cha theluji."

Sentensi ya Babu mwenyewe, ile ya zizini, imemrudia. Masikio yake yalikuwa mekundu. Akachukua kalamu bila kumjibu, akaandika polepole, sote tukingoja, kisha akasoma kwa sauti:

"Tarehe mbili Februari, Hohmad imeshuka mpaka udongo. Mtu mmoja ameumia. Kwa miaka yote iliyopita haikushuka kwa sababu ilikatwa majani kila Agosti na wanawake wa nyumba yangu, mwisho Kreszenz na Reinhilde. Viangazi viwili haikukatwa. Hatukuwauliza."

Reinhilde ni mimi, jina langu zima. Akaweka kalamu. Mwenyekiti akatazama dari. Nilitoka nje kabla hawajaona uso wangu, na njiani nilikuwa bado nimekasirika: Kreszenz alistahili kulisikia hilo akiwa hai, na kitabu kile kilikuwa na nafasi miaka yote.

18 Machi

Upepo wa joto. Maporomoko madogo mchana kutwa, ng'ambo. Ng'ombe mmoja amezaa jike.

30 Aprili

Theluji imeondoka Hohmad. Kovu liko pale, refu, la udongo, na pembeni yake majani ya zamani yamelala kijivu. Kurasa za daftari zimebaki mbili.

Asubuhi nilisikia ko, ko, ko nyuma ya zizi. Sauti hiyo sikuwa nimeisikia tangu Kreszenz. Nikaenda. Babu alikuwa ameshusha mafyekeo yote ukutani, na mawili mengine ya kutu kutoka darini. Ambros amekaa kwenye kigogo, mguu umenyooka mbele, magongo pembeni, fuawe ndogo kati ya mapaja, anagonga ukingo wa chuma uwe mwembamba. Alikuwa anagonga vibaya. Babu anamkemea: "Polepole! Unagonga fyekeo, hugongi mwizi!"

Rosina akaja na kuchagua la Kreszenz bila kumuuliza mtu. Akalipima begani, mpini umelainika mahali pa mikono ya marehemu.

"Agosti mstari wa kwanza wa Hohmad ni wangu," akasema. "Nina deni la kufungua."

"Anza juu kabisa, kwenye ukali," nikamwambia. "Kamba nitakufunga mimi."

Ambros akaacha kugonga. "Na mimi? Daktari amesema Julai nitakuwa natembea vizuri."

"Najua. Nimemuuliza mwenyewe. Wewe utakata katikati, siku zote nane." Nikampa jiwe la kunolea. "Utapenda kule juu, Ambros. Ni matembezi tu."

Hakucheka. Babu naye hakucheka. Akainamisha kichwa, akashika fyekeo la nne, akaanza kulisugua kutu.